Meza Mbili za Malindi

Msomaji wangu, ikiwa hujapata kufika Malindi, twaa ramani uitazame pwani yetu toka Mombasa kwenda kaskazini. Utapita Kilifi, utapita Watamu, na kabla hujafika mahali ambapo mto Sabaki humwaga maji yake ya udongo baharini, utauona mji huo. Ikiwa wewe ni mwenyeji wake, nivumilie. Nitanena juu ya nyumba yako, na hapana mtu apendaye kusikia nyumba yake ikinenwa na jirani. Neno langu ni juu ya chakula. Nataka kuuliza mgeni wa Malindi hula wapi, hula nini, na nani huketi pamoja naye. Na siulizi kwa udadisi, nauliza kwa kuwa nina mashitaka.

Kwanza nikukumbushe jinsi pwani hii ilivyokuwa ikipokea wageni. Katika mwaka wa 1331 mwanachuoni mmoja wa Morocco, Ibn Battuta, alisafiri pande hizi, na habari za safari yake zimehifadhiwa. Asimulia kwamba chombo kilipotia nanga Mogadishu, vijana wa mji walikiendea kwa mashua, kila kijana amechukua sahani ya chakula iliyofunikwa. Kijana humpa mfanyabiashara mmoja sahani ile na kutangaza kuwa huyo ndiye mgeni wake. Tangu hapo mfanyabiashara hakushukia penginepo ila nyumbani kwa mwenyeji wake, na mwenyeji ndiye aliyemwuzia bidhaa na kumnunulia. Ibn Battuta mwenyewe, kwa kuwa alikuwa mtu wa sheria, alichukuliwa na kadhi. Aliletewa wali ulioungwa kwa samli, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Akaletewa ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari ya ndimu, na maembe. Hata akastaajabu jinsi watu wa mji ule walivyokuwa walaji, mmoja akila chakula cha watu wengi.

Tazama desturi ile ilivyokuwa na akili. Mgeni alikula alichokula mwenyeji wake. Hakuweza kukaa mjini miezi akingoja upepo wa kusi pasipo kujua jina la mtu hata mmoja, kwa sababu alilala chini ya dari la mtu, akaamkiwa na watoto wake, akajifunza kwa sikio na kwa tumbo. Na faida ya biashara yake ilipita katika mikono ya mwenyeji, ikaacha kitu ndani yake. Wala mwenyeji hakuwa mtumishi. Yeye ndiye aliyechukua sahani, na yeye ndiye aliyeshika ufunguo wa soko.

Sasa njoo Malindi ya leo. Hoteli za wageni zilianza kujengwa huko katika miaka ya 1930, wakati wa ukoloni, na mwandishi Ernest Hemingway alikuja kuvua samaki kwa anasa katika mwaka wa 1934. Baadaye Wataliano walijenga kituo cha kurushia vyombo vya anga karibu na Ngomeni, kaskazini ya mji, na tangu 1967 hata 1988 setilaiti zilirushwa kutoka jukwaa lililosimama baharini. Mafundi walikuja, wakapapenda mahali, wakawaeleza ndugu na jamaa zao. Leo wako Wataliano ambao wameishi Malindi miaka mingi kuliko umri wako. Wana nyumba, wana mbwa, wana makaburi. Huyo huamka akanywa kahawa yake kali katika kikombe kidogo, akaogelea, akala tambi adhuhuri, akalala. Jioni hupanda tukutuku kwenda kula pitsa iliyookwa kwa kuni, na aiskrimu baada yake. Mtumishi wa mezani humwamkia kwa Kitaliano. Vibao vya maduka vimeandikwa Kitaliano. Sokoni humtuma mpishi. Aweza kuishi hivyo miaka ishirini asipate siku moja kuhitaji neno la Kiswahili lililo refu kuliko salamu.

Simlaumu kwa kupenda chakula cha mama yake. Mswahili aendaye London hutafuta mahali panapouzwa biriani kabla hajatafuta malazi, na hapana amwonaye mkosa. Namlaumu kwanza mwenye hoteli, awe mzungu au mwenzetu. Na nikimaliza naye nitakulaumu wewe na mimi.

Katika hoteli nyingi za pwani mgeni wa muda mfupi hulipia kila kitu kwao Ulaya kabla hajapanda ndege: chumba, chakula cha asubuhi, cha mchana na cha jioni, na vinywaji. Afikapo hufungwa ukanda mkononi kuwa alama ya kwamba amekwisha lipia. Fikiri matokeo ya ukanda ule. Mtu aliyekwisha kununua chakula chake chote hana haja ya kutoka kwenda kununua kingine. Kila shilingi atakayotumia nje ya lango huiona kuwa hasara. Basi hukaa ndani wiki mbili. Muuza madafu hamwoni, mwenye mishikaki hamwoni, mwanamke akaangaye viazi karai penye kona hamwoni. Sehemu kubwa ya fedha ya safari ile ilibaki katika nchi ilikotoka, na iliyofika kwetu haikuvuka ukuta. Mara moja kwa wiki huwekwa usiku wa Kiswahili: wapishi huvaa kanzu, ngoma hupigwa, na wali wa nazi huletwa umepoa katika chombo cha kung'aa. Mpishi wa mahali pale ni mtoto wa Malindi, ajuaye kupika samaki wa kupaka hata ukajiuma vidole. Lakini siku sita za wiki huamriwa ausahau ujuzi huo, na siku ya saba huamriwa aucheze.

Mwaka mmoja nilitembea ufukoni na mjomba wangu, mzee wa miaka sabini, aliyevua katika maji yale tangu ujana wake. Tulipopita mbele ya hoteli moja mlinzi alishuka akatuuliza tunakwenda wapi na tumetumwa na nani. Mlinzi mwenyewe alikuwa kijana wa kijiji kimoja na mjomba. Mjomba akamwuliza jina la baba yake. Kijana akainamisha uso, walakini hakuondoka njiani mpaka tulipogeuka. Katiba yetu ya mwaka 2010 imetamka kwamba ardhi yote iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma. Tulikuwa tukitembea juu ya mali yetu, na wageni waliolala juani walitutazama kama watazamwavyo watu waliopotea. Jioni ile mjomba alikula kidogo sana.

Tena tazama habari ya samaki. Alfajiri mashua zinapoingia, mnunuzi huwa amekwisha simama mchangani. Nguru mnene, kolekole, pweza na kambakoche huenda naye. Kinachobaki hugawanywa kati ya mama wauzao vichochoroni, na msimu wa kaskazi, mji ujaapo wageni, bei ya hicho kinachobaki hupanda pia. Sisemi mvuvi asiuze ghali apatapo mnunuzi wa ghali, ana watoto. Nasema kwamba mji wa wavuvi ambao mtoto wake hula samaki mzuri siku ya sikukuu tu, umeweka meza mbili, na ametengewa ile ndogo mwenye nyumba.

Sasa zamu yetu. Umepata kusimama sokoni mzungu akiuliza bei ya embe? Wewe umeambiwa shilingi ishirini. Yeye huambiwa mia, na muuzaji hukukonyeza ili unyamaze. Nawe hunyamaza, hata huona ni werevu. Nimesikia hoja zote: ati yeye ana fedha, ati kwao embe ni ghali zaidi, ati babu yake alituibia. Huenda yote ni kweli. Lakini mtu aliyedanganywa bei mara tatu hujifunza jambo moja, nalo ni kutorudi sokoni. Hurudi nyuma ya ukuta, kwa mwenye hoteli, ambaye humdanganya kwa risiti. Ujanja wetu wa shilingi themanini ndio uliomjengea mwenye hoteli wateja wake. Ajabu yangu ni kwamba tunamlaumu kwa ukuta ule nasi tulimchukulia mawe.

Na lugha yetu tumeifanyia yale yale. Wewe umefundishwa darasani kwamba mtu huulizwa hujambo, naye hujibu sijambo. Kuna nafsi ndani ya neno, kuna ukanushi, kuna adabu. Mgeni tumempa jambo tupu, limenyofolewa kichwa, na tumempa hakuna matata, na kwa hayo mawili tumemwambia amekwisha jua Kiswahili. Wakati wa ukoloni walowezi wa bara walikuwa na Kiswahili chao cha kuamrisha watumishi, kisicho na upatanisho wala heshima, na wazee wetu walikicheka wakakiita Kisetla. Kile kiliundwa na mlowezi mwenyewe. Hiki cha pwani tumekiunda sisi, kwa hiari yetu, na tunakiuza kimechapwa juu ya fulana. Huku nyuma kijana wa kidato cha pili huacha shule kwenda ufukoni kwa kuwa amejua Kitaliano cha kutosha kuuza safari ya mashua. Kujua Kitaliano ni elimu. Laiti angekijua hata akakisoma na kukiandika! Lakini yeye ajua cha kuitia tu, na miaka kumi baadaye bado yu pale mchangani akiita, sauti imekwisha, na aliye mbele yake ni kijana mwingine.

Utaniambia, msomaji, kwamba hoteli hulisha watu wengi, na kwamba mwandishi aliyeshiba asimharibie mwenye njaa. Nakubali kwamba hulisha. Kwa sababu hiyo hiyo naogopa. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, fujo zilipozuka, wageni walifuta safari zao, na katika kilele cha msimu wapishi na madobi walirudishwa makwao. Mwezi wa Machi 2020, kwa sababu ya ugonjwa wa korona, serikali ilisimamisha ndege za abiria kutoka nchi za nje, na hazikuruhusiwa tena hata Agosti. Uliza waliokuwako jinsi Malindi ilivyokuwa miezi ile. Mwenye kibanda ambaye wateja wake ni walimu, mafundi na madereva aliumia, lakini hakukosa mtu wa kumwuzia chai. Aliyetegemea lango moja alilikuta limefungwa. Meza moja iliyochanganya mwenyeji na mgeni isingeanguka yote kwa siku moja.

Wako wengine watakaonitajia nguzo ya Vasco da Gama, ile nyeupe iliyosimama juu ya mwamba, na kusema kwamba Malindi ilizaliwa na ukarimu. Kweli, mwaka 1498, baada ya Mombasa kumshuku Mreno yule, mfalme wa Malindi alimpokea, akampa vyakula na rubani wa kumvusha hadi Bara Hindi. Lakini someni na kurasa zinazofuata. Mwaka 1505 Wareno waliteka nyara Kilwa na Mombasa. Mwaka 1593 walianza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa, wakahamia huko, na Malindi iliyowafadhili ikasinyaa. Simfananishi mzee Mtaliano apigaye kasia jioni na Vasco da Gama. Huyo hana mzinga. Nasema tu kwamba tumekwisha kupata kumkaribisha mtu pasipo kumwuliza atakaa kwa masharti gani, na habari zake tunazo.

Masharti ninayoyataka si makubwa. Hoteli iuze chumba na chakula cha asubuhi, na tumbo la mchana liachiwe mji. Njia za kwenda ufukoni zifunguliwe, na mlinzi alinde mali ya bwana wake, asilinde bahari. Bei iandikwe juu ya kibao, kwa tarakimu, ya watu wote. Na mgeni aliyekaa zaidi ya msimu mmoja tuache kumwita mgeni. Tumsemeshe Kiswahili kilichonyooka, tumngoje akitafuta neno, tusimkimbilie kwa lugha yake kama mayaya.

Mwenye hoteli mmoja aliponisikia alicheka, akasema wazungu hawawezi mbaazi. Nikamwuliza amepata kuwapa? Akasema hajapata. Basi nitamwambia ninalolijua. Nyuma ya soko kuna mama auzaye mahamri na mbaazi za nazi, na kila Jumamosi huja bibi mmoja Mtaliano, mfupi, mwenye kofia ya ukili, akaketi juu ya benchi kati ya mafundi. Mara ya kwanza kijana mmoja alimnong'oneza mama ampandishie bei. Mama alimtazama, akamwuliza kama mbaazi za bibi huyu zilitiwa nazi mbili. Siku hizi bibi humwamkia shikamoo mzee wa kahawa aliyemzidi umri, na kijana akimtupia jambo humjibu kwamba hilo si neno kamili. Nenda ukamwone. Fika mapema, saa moja hivi. Ikipita saa tatu mahamri huwa yamekwisha.