Sare ya Fantasi Huamuliwa Agosti, Si Mei

DAKIKA YA TISINI
Na Athman Mwakio

Mei iliyopita ligi yetu ya fantasi hapa mtaani ilimalizika watu wawili wakiwa na alama sawasawa kileleni. Tulikuwa wachezaji 20, kila mmoja alitoa shilingi 1,000 mwanzoni mwa msimu, na mgao ulijulikana: wa kwanza 12,000, wa pili 5,000, wa tatu 3,000. Jambo moja tu hatukuwa tumelizungumza. Wawili wakitoshana nguvu, nani wa kwanza?

Mmoja wao ni mwalimu, mwenzake ni fundi wa friji. Mwalimu alionyesha simu yake, programu ya fantasi imemweka juu. Fundi akauliza kanuni hiyo tulikubaliana lini, akataka yahesabiwe mabao. Mwingine akasema turushe shilingi. Mwishowe mweka hazina alifuata programu, fundi akapokea 5,000 zake bila neno. Miaka mingi walikuwa wakitazama mechi za Jumamosi benchi moja. Sasa kila mtu na kwake.

Mali bila daftari hupotea bila habari, walisema wazee. Sisi tulipoteza zaidi ya mali. Kanuni inayotungwa baada ya sare kutokea haiwezi kuwa ya haki hata ikiwa nzuri, kwa sababu kila anayeipendekeza anajua tayari itamfaa nani.

Mpira wenyewe ulishatufundisha. Mwaka 1989 Arsenal na Liverpool walimaliza ligi ya Uingereza na alama 76 kila mmoja, na tofauti ya mabao ikawa 37 kwa 37. Arsenal wakatwaa ubingwa kwa kuwa walikuwa wamefunga 73, Liverpool 65. Mwaka 2012 Manchester City na Manchester United walifungana kwa alama 89, City wakapita kwa tofauti ya mabao. Kombe la Dunia la 2018 lilikuwa chungu zaidi kwetu Waafrika: Senegal na Japan walilingana alama, walilingana mabao, na mechi yao wenyewe ilikwisha 2-2. Senegal wakarudi nyumbani kwa kuwa walikuwa na kadi 6 za njano, Japan 4. Na kwenye Kombe la Afrika la 2015, Guinea na Mali kila mmoja alitoka 1-1 katika mechi zake zote tatu za kundi, hadi kura ikapigwa na Guinea wakasonga mbele.

Yote hayo yaliuma, lakini kanuni ilikuwapo kabla ya mpira wa kwanza kupigwa. Aliyeshindwa alilia, asiseme ameibiwa.

Fantasi ya Ligi Kuu ya Uingereza nayo ina kanuni zake, ila wengi wetu hatujazisoma. Kwenye ligi ya kawaida, wawili wakilingana alama, anayewekwa juu ni yule aliyefanya uhamisho mchache zaidi msimu mzima. Uhamisho uliofanywa kwa kadi ya kubadili kikosi chote hauhesabiwi. Kwenye mechi za mtoano, huangaliwa mabao ambayo kikosi chako kimefunga wiki hiyo, kisha mabao machache ya kufungwa, na mwisho kabisa shilingi hurushwa na kompyuta.

Kanuni ya uhamisho ina hoja yake: aliyefika pale pale kwa kubadilisha wachezaji wachache amekuwa na subira na jicho zuri. Lakini anayevuka idadi yake ya uhamisho wa bure hukatwa alama 4 kwa kila mchezaji wa ziada. Kama amekatwa na bado amemfikia mwenzake, deni lake ameshalilipa. Kumshusha tena kwa uhamisho ule ule ni kumwadhibu mara mbili.

Wapo wanaotaka alama za benchi ndizo ziamue. Hilo nalipinga kabisa. Ukimwacha benchi mchezaji aliyeleta alama 12, ulikosea kupanga kikosi. Kosa lisigeuzwe kuwa silaha ya ushindi.

Basi napendekeza hivi. Kwenye ligi za mechi za wawili wawili za kila wiki, alama 58 kwa 58 ibaki sare na kila mmoja apate alama yake 1. Sare ni matokeo halali ya mpira, haina haja ya kuvunjwa. Ivunjwe kwenye mtoano tu, ambako lazima mmoja aendelee, na hapo mabao yaamue.

Mwisho wa msimu, fedha zigawanywe. Zawadi ya kwanza na ya pili zijumlishwe, 12,000 na 5,000, kila mmoja achukue 8,500. Wa tatu hapunguziwi hata senti. Wacheza gofu hugawana hivyo wanapolingana chini ya bingwa, na hawagombani.

Kwa anayetaka jina la bingwa, zihesabiwe wiki zote 38: mmoja alimshinda mwenzake wiki ngapi? Programu inahifadhi alama za kila wiki, kwa hiyo hesabu hiyo haichukui nusu saa, na inapima walivyopambana wao kwa wao tangu Agosti. Wakilingana hata hapo, tuwe na mabingwa wawili. Watu walioshindwa kuachana kwa wiki 38 wameustahili wote.

Kanuni hizi nimeziandika kwenye nusu ukurasa. Kabla ya kuziweka kwenye kundi letu la WhatsApp, nitazipeleka kwanza kwa mwalimu, kisha kwa fundi, kwa mkono wangu. Wakizikubali wote wawili, nitamtumia mweka hazina 1,000 yangu. Wasipozikubali, fedha yangu itasubiri hadi tukae chini tukubaliane.