Barua kwa Hakimu: Tuandike Vizuri au Tusiandike



Twataka kusema neno juu ya jambo lililotuaibisha hapa mpakani, na ambalo twaona laweza kuwapata wenzetu wa matawi mengine pia. Jambo lenyewe ni barua. Mwenzetu akitiwa hatiani mahakamani, sisi hukimbilia karatasi. Nia yetu ni njema, lakini barua zetu nyingi zamdhuru yule tunayetaka kumsaidia.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Mwenzetu mmoja wa gengi, mtu aliyeshindilia kokoto chini ya mataruma kwa miaka 14, alionekana na hatia ya kupokea dizeli ya wizi, madebe matatu. Hakimu akasema atatoa adhabu baada ya majuma mawili, akaagiza afisa wa probesheni alete ripoti. Jioni ile tulikutana, tukachanga, tukamlipa mwandishi mwenye taipu. Yeye akatoa Kiingereza kirefu cha kurasa 3. Ndani yake mashahidi waliitwa waongo, polisi wakaitwa wala rushwa, na mwisho ikasemwa kwamba mwenzetu akifungwa wafanyakazi hawatakubali. Tulitia sahihi watu 43. Wengi wetu hatukuweza kuyasoma tuliyoyatilia sahihi, na wengine hawakumjua mshitakiwa hata kwa uso. Kisha tukatuma mtu aipeleke moja kwa moja chumbani kwa hakimu.

Siku ya adhabu hakimu aliitoa ile barua mbele ya watu wote, akampa mwendesha mashitaka aisome, akasema hawezi kupokea maneno yaliyoletwa kwa mlango wa nyuma. Mwenzetu alisimama kizimbani akiinamisha kichwa kama kwamba ni yeye aliyeiandika. Alipata miezi 18. Hatusemi barua ndiyo iliyomfunga, maana dizeli ilionekana nyumbani kwake. Lakini siku ile hapakuwa na mtu hata mmoja aliyemweleza hakimu kwamba huyu ndiye aliyekimbia usiku wa mvua na taa nyekundu, akasimamisha gari la mizigo mahali maji yalipokuwa yamekula tuta. Sisi sote twalijua jambo hilo. Halikuwamo katika kurasa 3. Alipotoka alituuliza kwa nini, nasi hatukuwa na jibu.

Basi yafaa tufahamu jinsi mambo yaendavyo. Kesi ya jinai ina sehemu mbili. Kwanza mahakama huamua kama mtu ana hatia au hana. Hapo kazi ni ya mashahidi na vielelezo. Mwenye neno aende akaape, aulizwe maswali. Barua haina nafasi. Ikiisha kuamua kwamba ana hatia, ndipo mahakama huuliza apewe adhabu gani, na hapo sheria yamruhusu hakimu kusikia habari za maisha yake. Mshitakiwa au wakili wake husema, na afisa wa probesheni huwauliza jamaa, majirani na watu wa kazini. Barua yetu yaingia hapo, wala si kabla. Nayo ipitie kwa wakili, au kwa afisa wa probesheni, au mshitakiwa aitoe mwenyewe mbele ya mahakama, ili upande wa mashitaka nao uione. Katiba ya 2010, kifungu cha 160, yasema mahakama haitaongozwa na mtu yeyote wala mamlaka yoyote, na Chama nacho kimo katika hao. Asiyekubali kwamba mwenzetu ana hatia amsaidie kukata rufani Mahakama Kuu. Siku zake ni 14 tu, asizipoteze kwa kutafuta taipu.

Baadaye kijana mwingine wetu alipatwa, kwa kupigana. Safari hii mnyapara wake aliketi peke yake akaandika nusu ukurasa, kwa mkono, kwa Kiswahili. Wengine wetu walicheka, wakidhani barua ya korti lazima iwe ya Kiingereza. Si kweli. Kiingereza ndiyo lugha ya Mahakama Kuu, lakini mahakama za mahakimu hapa Kenya hutumia Kiingereza na Kiswahili pia. (Sisi wa shule za misheni tulifundishwa kuanza barua kwa unyenyekevu wa mistari minne. Hakimu hana haja nao. "Mheshimiwa Hakimu" yatosha, na kwa jaji "Mheshimiwa Jaji".)

Mnyapara aliandika namba ya kesi, jina lake na kazi yake. Akasema amemsimamia kijana miaka 6, na kwamba anajua ametiwa hatiani wala haji kubishana na uamuzi. Katika miaka hiyo hakumwona akiinua mkono juu ya mtu, ila tangu afiwe na mkewe ameanza kunywa. Hilo hakulificha. Akaongeza kwamba jamaa wamelipa gharama za matibabu ya aliyeumizwa, akatia risiti. Afisa wa probesheni alikuja Malaba kuuliza neno kwa neno, akakuta kila kitu ni kweli, hata ule ulevi. Kijana alipewa kazi za jamii chini ya sheria ya 1998, ambayo hutumika pale kifungo kisingezidi miaka 3. Alifyeka majani kwenye zahanati mpaka saa zake zikaisha, usiku akilala na watoto wake.

Si kila barua ya namna hii itampa mtu nafuu. Aliyeumizwa naye ana haki ya kusikiwa, na kosa kubwa ni kosa kubwa. Lakini hakimu aweza kuitumia, kwa sababu aweza kuipima.

Juu ya bahasha: ndani iwe karatasi tu. Wenye kuelewa wameelewa.

Wengine hukamatwa ng'ambo. Tororo ni karibu, lakini ukivuka mto sheria ni ya Uganda na lugha ya mahakama ni Kiingereza. Tafuteni kwanza wakili wa kule.

Na aliyeachishwa kazi asimwandikie jaji barua ya kulia. Mahakama ya Viwanda ilianzishwa 1964, na leo ni Mahakama ya Ajira na Uhusiano wa Kazi. Madai hufunguliwa kwa msajili wake, kwa hati zinazotakiwa. Sheria ya Ajira ya 2007 yatoa miaka 3, na barua haizuii siku kuhesabiwa. Twamjua mzee mmoja aliyeandika barua 5, akingoja majibu kwa subira, hata miaka ikampita. Madai yake yalikuwa ya haki kabisa.

Tawi letu limekubaliana kwamba barua isitoke kwa jina la Chama kabla karani hajaisoma kwa sauti mbele ya wote watakaotia sahihi. Mwenzetu wa shedi ya mizigo ameonekana na hatia, naye atarudi mahakamani Busia mwisho wa mwezi kupewa adhabu. Aliyefanya kazi naye amwone karani kabla ya Ijumaa. Asiyemjua asitie sahihi.