Mwalimu Mwenye Kitabu cha Hadithi si Mvivu

Jioni moja mwezi wa Aprili, mvua ikipiga migomba kama ijuavyo kupiga hapa Tukuyu, na Mlima Rungwe umefichwa na mawingu, tuliketi barazani na kitabu mkononi. Mzee mmoja wa kamati ya shule akapita, akatusalimu, akauliza, "Mwalimu, wajiandaa kwa mtihani gani?" Tulipomjibu kwamba twasoma hadithi tu, akatikisa kichwa akasema, "Kumbe una nafasi nyingi namna hii!"

Neno hilo limetukaa moyoni, nasi twataka kulijibu mbele ya wasomaji wote. Mzee huyo alikuwa akitoka penye chungu cha kimpumu, alikokaa tangu saa nane mchana, wala hapana mtu aliyemwuliza ana nafasi kiasi gani. Twamheshimu, wala hatumnyimi kinywaji chake. Lakini ni sheria gani hii, ya kwamba apumzikaye kwa kunywa ni mtu wa kazi, na apumzikaye kwa kusoma ni mvivu? Na msomaji akiwa mwanamke, hukumu ni kali zaidi: huambiwa vyombo havijaoshwa, hata kama vimeoshwa na kufunikwa.

Wengine watasema kulala kwatosha. Mwalimu aliyesahihisha madaftari 90 hulala, walakini madaftari humfuata ndotoni. Hadithi humwondoa kabisa. Akifungua Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert kilichotolewa mwaka 1951, mara yumo katika nchi inayoning'inia angani, akimsikiliza Karama akijitetea mbele ya wakubwa wanaotaka kumwangamiza. Kwa saa nzima taabu si yake, ni ya Karama. Naye akirudi kwenye taabu zake huziona zimepungua kimo. Tena aliyekiandika alikuwa karani wa serikali kwa miaka mingi, wala hatujasikia mtu akimwita mvivu.

Kosa, twakiri, ni letu pia sisi walimu. Watoto wengi hawajui kitabu cha hadithi ila kwa ajili ya mtihani. Twawapa Watoto wa Mama N'tilie, cha Emmanuel Mbogo, na kabla hawajapata kuwahurumia watoto wale twawaamuru waorodheshe dhamira na tabia za wahusika. Aliyefundishwa hivyo, amalizapo shule huweka kitabu chini kama mchukuzi atuavyo mzigo, naye ndiye mzee wa kamati wa kesho. Gazeti la Mambo Leo, lililoanzishwa mwaka 1923, lilikuwa likitoa hadithi kwa mafungu, na msomaji alingoja mwezi wa pili apate kujua yaliyowapata watu wa hadithi. Hapana aliyemtungia maswali.

Basi, wazee wa kamati, mkikutana juu ya fedha za shule, tengeni kidogo kwa vitabu vya hadithi visivyo vya mtihani, na kufuli la kabati liondolewe jioni. Sisi tutaketi barazani vile vile. Mzee akipita tutamsogezea kiti, na ukurasa wa kwanza tutamsomea wenyewe.