Neno "Gadi" na Kalamu Nyekundu

Katika kukagua mazoezi ya kufundisha tumewaona walimu-wanafunzi wengi wakiandika ubaoni: gadi = mlinzi, kisha wakapita kwenye neno linalofuata. Alama hiyo ya sawasawa ni ya somo la hesabu. Katika msamiati inadanganya.

Gadi huyu ametoka mbali. Kiswahili kimempokea kutoka Kiingereza. Kiingereza nacho kililipata neno hilo kwa Wafaransa, ambao kitenzi chao garder maana yake ni kulinda, na pia kuweka kitu kisipotee. Nao Wafaransa walilirithi kwa Wafranki, watu wa jamii ya Kigermani. Shina hilohilo lilikuwako Uingereza bila kupitia Ufaransa, na huko ndiko lilikotoka neno letu wodi. Hivyo gadi na wodi ya hospitali ni ndugu, ingawa watoto wa darasa la tatu hawana haja ya kuelezwa nasaba hiyo.

Wana haja ya matumizi. Gadi tumemzoea kwenye treni na mbele ya majengo. Anayeamia ndege katika shamba la mpunga hatumwiti gadi: yuko lindoni. Wa mlango wa jumba ni bawabu. Wanaokesha kwa kupokezana wana zamu. Mlinzi ndilo neno pana linaloweza kuwafunika wote, lakini gadi haliwezi.

Tena huko pwani liko gadi jingine kabisa, nalo ni mti unaoegemezwa ubavuni mwa chombo kilichopwelewa ili kisilale upande. Tumepata kuona daftari la mtoto aliyeandika, "Gadi limevunjika," akakosolewa kwa wino mwekundu, eti alipaswa kuandika "amevunjika". Hilo tunalipinga kwa nguvu zote. Mtoto yule alipatia, na upatanisho wake wa kisarufi ndio hasa uliotuonyesha kwamba alizungumzia mti wala si mtu. Mwalimu wake ndiye ambaye hakuwa amefungua kamusi.

Sisi tungependa mwalimu aandike sentensi mbili, "Gadi amelala" na "Gadi limelala," kisha awaache watoto wabishane. (Katika wingi ubishi utazidi, maana magadi ya jikoni nayo yataingia.) Kipindi kikiisha kabla ya ubishi huo kwisha, sisi wakaguzi hatutampunguzia mwalimu alama.