Bahili wa wiki jana hawezi kutoa ofa leo

MPAKANI
Na Rehema Simkonda

Hapa Tunduma ubishi kuhusu vichekesho vya televisheni una ukali wake. Dereva anayesubiri mzigo uvushwe kwenda Nakonde hukaa mgahawani saa nyingi, televisheni ikiwa juu ya friji, na kwenye meza ya jirani yupo wakala wa forodha aliyeshinda akilinganisha namba za kontena na za kwenye nyaraka, tela kwa tela, lakiri kwa lakiri. Mtu wa namna hiyo akiona mwigizaji ameingia sebuleni na shati la bluu, kamera ikageuka, shati likawa la kijani, hanyamazi. Kwa upande wa saa ndiyo usiseme. Zambia iko nyuma yetu kwa saa moja, hivyo ukivuka barabara umebadilisha muda, na watu wa hapa wamezoea kuuliza saa ya upande gani. Familia ya kwenye kioo ikinywa chai ya asubuhi huku saa ya ukutani ikisema saa tisa, mgahawa mzima utajua.

Wapo wanaosema ni kupoteza muda, maigizo ni maigizo. Sikubaliani nao hata kidogo. Anayekumbuka shati la wiki tatu zilizopita amekitazama kipindi kwa moyo wote, na mtazamaji wa aina hiyo ni mali.

Ila makosa hayalingani uzito. La shati chanzo chake kinajulikana. Maonyesho yote ya sebuleni hurekodiwa kwa mkupuo, hata kama ni ya vipindi tofauti, kwa sababu nyumba ni ya kuazima au ya kukodi. Mwigizaji huvua na kuvaa, halafu baada ya siku kadhaa anaitwa kurudia kipande kimoja na hakuna anayekumbuka alivaa nini. Kosa la hivyo nalisamehe, mradi kichekesho chenyewe hakikukaa juu ya shati hilo.

Kuna pale kinapokaa. Katika Papa Shirandula ya Citizen TV ya Kenya, marehemu Charles Bukeko aliigiza mlinzi aliyemficha mkewe kazi yake halisi. Suti ya nyumbani na sare ya getini ndizo zilizobeba hadithi. Hapo sare ikionekana mahali isipotakiwa, uongo wa Papa umefichuka bila mwandishi kupanga, na kicheko kimekufa.

Kosa lisilosameheka kabisa ni la tabia na historia ya mtu. Tunamcheka bahili kwa kuwa tunajua atakavyohangaika bili ikifika. Akitoa ofa leo bila sababu, eti mwandishi wa zamu hakusoma vipindi vya nyuma, tumenyang'anywa mtu tuliyemjua. Wakubwa nao huteleza: katika Friends ya Marekani, mhusika Ross anatajwa kuwa na miaka 29 katika misimu mitatu, na mashabiki wanabishania umri wake hadi leo.

Sidai uthabiti huu kwa kila kichekesho. Ze Comedy ya EATV, iliyohamia baadaye TBC1 kama Orijino Komedi, ilikuwa ya vipande vifupi. Mwigizaji wake Joti alikuwa bibi leo, mtoto wiki ijayo, na hilo lilikuwa tamu. Lakini kipindi kikituahidi nyumba ileile na majirani walewale kila wiki, ahadi hiyo inadaiwa.

Na kuitimiza hakuhitaji bajeti ya Marekani. Mtu mmoja kwenye kikundi apewe kazi hiyo tu: apige picha kwa simu kila onyesho linapokatwa, aandike nani alishika kikombe kwa mkono upi, atunze daftari la kila mhusika, lenye umri, kijiji, watoto na madeni yake. Waandishi wapya walisome daftari hilo kabla ya kugusa kalamu. Kijana aliyezoea kukagua nyaraka za forodha hapa mpakani angeifanya kazi hiyo vizuri mno, na ningefurahi watayarishaji wa Dar es Salaam wakimwita.

Kuna yasiyozuilika. Mwigizaji huugua, hufariki, hugombana na wenye kipindi. Hapo naomba mtazamaji asifichwe. Mwaka 1993, The Fresh Prince of Bel-Air ya Marekani ilipombadilisha Janet Hubert na kumleta Daphne Maxwell Reid acheze Aunt Viv, mhusika mmoja aliambiwa aseme waziwazi kwamba mama huyu ana kitu kimebadilika, na Will, mhusika mkuu, akaitazama kamera. Watu wakacheka, kipindi kikaendelea hadi 1996. Kwetu mke hubadilika sura katikati ya msimu na mumewe anamwomba chai kama kawaida. Sentensi moja tu ya kukiri ingetosha, na mwigizaji mpya angepokelewa kwa haki yake badala ya kupimwa miezi mingi kwa kivuli cha aliyeondoka.