Rudisha Nyuma Kidogo

Nimeona video za kutosha za watu wenye meza safi. Mbao iliyopigwa vanishi, mmea mdogo kwenye chungu, taa ya zambarau ukutani, halafu kando ya kibodi kuna kidude cha duara cha chuma. Mwenye meza anakizungusha kwa vidole viwili, sauti inapanda. Anakizungusha tena, picha inakolea rangi. Anatabasamu. Eti hicho ni kifaa cha wabunifu.

Si cha wabunifu. Ni kifaa cha vibarua, na vibarua ndio hawajaonyeshwa.

Wacha tukiite nobu, kama ile ya redio, maana ndivyo kilivyo. Tofauti ni kwamba hii inaunganishwa na kompyuta na wewe mwenyewe unaipangia kazi: leo iongeze sauti, kesho ipeleke video mbele na nyuma, keshokutwa ikuze picha. Microsoft walitoa yao, Surface Dial, mwaka 2016 kwa dola 100 hivi. Logitech wakaja 2024 na MX Creative Console, dola 200. Ukibadilisha kwa pesa ya kwetu, ya kwanza ni kama shilingi 13,000 na ya pili 26,000. Hapo ushuru na usafiri bado.

Matangazo yanakuonyesha mchoraji, mhariri wa video, mpiga picha. Sina ubaya nao. Lakini kama kuna mtu anayerudia kitendo kimoja mamia ya mara kwa siku, na kitendo chenyewe kinalilia kuzungushwa, ni mnukuzi. Yule anayesikiliza sauti na kuiandika. Kenya tumejaa. Tangu serikali ianzishe Ajira Digital mwaka 2016, kunukuu sauti ni kati ya kazi za mtandaoni ambazo kijana huambiwa ajaribu, kwa sababu ati hazihitaji mtaji: laptopu, bando, masikio yako. Ndiyo kazi inayonilisha tangu niache chuo.

Na kazi yenyewe imebadilika. Kiingereza safi cha studio kimeshachukuliwa na programu, kinanukuliwa kwa dakika chache. Tumeachiwa makapi. Mahojiano na wakulima wa mahindi chini ya mti, upepo unapiga maikrofoni, jogoo anawika, mzee anaanza kwa Kiswahili, anaikasirikia bei ya mbolea kwa Lubukusu, anamalizia kwa Kiingereza. Unasikiliza, unarudisha nyuma, unasikiliza tena. Alisema "tulilima" au "tulilimiwa"? Rudisha. Ni magunia kumi na mawili au kumi na mbili ni saa aliyofika dalali? Rudisha. Ukiitazama vizuri, kazi ya kunukuu si kuandika. Ni kurudisha nyuma.

Sasa tunarudishaje? Kwenye oTranscribe, ile ya bure, ni F1. Kidole kinaondoka kwenye herufi, kinapanda juu kabisa ya kibodi, kinabonyeza, kinarudi kutafuta mahali pake. Kwenye laptopu yangu ya ex-UK, F1 ni ya kuzima spika mpaka ushike Fn kwanza, kwa hivyo ni vidole viwili safarini. Na kila mbonyezo unakurudisha kipimo kilekile. Ulitaka neno moja, umerudishiwa sentensi nzima.

Hesabu ya darasa la nne: tuseme unarudisha mara kumi kwa kila dakika ya sauti, na kila safari ya kidole inakula sekunde mbili. Faili la saa moja ni safari 600. Sekunde 1,200. Dakika 20 zimeenda na hujaandika herufi hata moja. Mteja analipa kwa dakika ya sauti, si kwa saa yako, kwa hivyo dakika hizo 20 ni mchango wako kwake. Pamoja na kifundo cha mkono.

Nobu haiendi safari. Iko chini ya mkono wa kushoto. Zungusha kidogo, umerudi nusu sekunde. Zungusha kwa nguvu, umerudi kumi. Hutazami. Mzee yeyote aliyewahi kuitafuta idhaa ya Kiswahili ya BBC kwenye masafa mafupi, stima ikiwa imepotea, anajua ninachosema: unakipita kituo, unarudi unywele mmoja, kimeshika.

Wala si wazo jipya. Desemba 9, 1968, huko San Francisco, Douglas Engelbart alipoionyesha dunia kipanya kwa mara ya kwanza, mkono wake wa kulia ulikuwa kwenye kipanya na wa kushoto kwenye kifaa cha vitufe vitano. Kila mkono na kazi yake. Dunia ikanunua kipanya, mkono wa kushoto ukasahauliwa. Makarani waliopiga taipu kutoka kwenye kanda za bosi nao walikuwa na pedali mguuni: kanyaga, kanda inacheza, achia, inasimama. Karani hakuinunua pedali kwa mshahara wake. Ilikuwa ya ofisi.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Kazi ilipohama ofisini ikaja chumbani kwangu, kila kitu kilihama nayo isipokuwa pedali.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri ahakikishe kwamba sehemu ya kazi na vifaa vyake vinamfaa mfanyakazi. Sawa. Lakini mimi sina mwajiri. Nina "mteja", na kwa ule mkataba mrefu ambao sote tunabonyeza "nakubali" bila kuusoma, mimi ni biashara inayojitegemea. Biashara! Mimi na kiti cha plastiki. Mteja mmoja niliwahi kumwandikia kwamba mkono unauma. Alinitumia video ya kunyoosha vidole.

Kuna mtu hapo anasema: si ununue tu hiyo nobu? Ninunue kwa 13,000 kitu ambacho Kitale kinapimwa kwa kilo?

Njoo Kipsongo. Ni mtaa wa pembeni mwa mji, na wengi wa wakazi wake ni familia za Kiturkana zilizosukumwa na ukame na wizi wa mifugo. Watu wengi hapa huokota na kuuza vyuma na plastiki. (Serikali ilipopiga marufuku biashara ya vyuma chakavu nchi nzima, Januari hadi Mei 2022, kwa sababu ya nguzo za umeme zilizohujumiwa, sikusikia mtu akiuliza Kipsongo itakula nini.) Redio zenu zilizokufa, spika, vipanya, kibodi zenye herufi zilizofutika, vyote hupitia mikono kama hii. Nilimkuta mama mmoja akivunja redio kwa jiwe kutoa shaba na sumaku. Nobu zilikuwa pembeni, watoto wanazichezea kama kete.

"Mama, hizi na huu mouse ulioharibika ni ngapi?"

"Chukua tu. Hizo hazina kilo."

Hazina kilo! Ndani ya gurudumu la vipanya vingi vya bei rahisi kuna kijipande kinachozunguka bila mwisho. Kina swichi mbili zinazogusa moja baada ya nyingine. Ukijua ipi imetangulia, unajua mtu amezungusha upande gani. Siri yote ya kile kidude cha meza safi ni hiyo. Nobu ya redio kuukuu yenyewe haifai kwa ndani, kwa sababu inafika mwisho inagoma, lakini kofia yake ni tamu kuliko ya Microsoft: ina makunyanzi, kidole hakitelezi. Unaongeza kibao kidogo cha Arduino chenye chipu ya ATmega32U4, ambacho ukikichomeka kinajitambulisha kama kibodi na kompyuta haiulizi swali. Unakiandikia mistari michache: kushoto, rudi; kulia, nenda. Programu yako ya kunukuu ikikuruhusu kupanga urefu wa mruko, weka nusu sekunde kwa kila hatua. Hata ukinunua kila kitu kipya, haifiki robo ya ile 13,000. Fundi redio aliyenishikia solda hakuwa amewahi kusikia neno Arduino. Aliangalia mchoro, akauliza maswali mawili, akamaliza kabla chai haijapoa.

Kwa hivyo msiniambie kwamba ujuzi hakuna huku. Ujuzi uko kibandani kwa fundi, malighafi iko Kipsongo, na kijana mwenye mkono unaouma yuko katikati anatazama video za meza safi. Wanaowafundisha vijana kazi za mtandaoni huwafundisha kujaza wasifu na kumnyenyekea mteja. Wekeni solda kwenye meza hizo. Mwiteni fundi redio, na mumlipe kama mnavyomlipa yule wa kutoka Nairobi mwenye slaidi.

Kujitengenezea, hata hivyo, kusiwe ndiyo njia ya wateja kuponyoka. Sipendi hadithi za "ubunifu wa mtaani" zinazopigiwa makofi ili mtu asilipe. Nobu yangu ni mtaji wangu, nimeweka pesa na jioni tatu. Na mtu akiniambia mwakani mashine itanukuu hata Lubukusu ya chini ya mti, namjibu kwamba faili lililo kwenye laptopu yangu ni la leo, na limeletwa kwangu kwa sababu mashine ililishindwa.

Ankara yangu ya mwezi huu ina mstari mpya. Chini ya "dakika za sauti" nimeandika "kurudisha nyuma", dakika 20 kwa kila saa, bei ileile. Mteja ameuliza huo mstari ni wa nini. Nimemtumia sauti ya yule mzee wa mbolea, sekunde 40, nikamwomba ainukuu mwenyewe.