Kebo ya Klachi na Barua ya Onyo

Ndugu Wanachama,

Wengi wenu mnaijua motokaa yangu, na wengi mmeicheka. Niliiunda mwenyewe uani nikisaidiwa na shemeji yangu. Fremu ni ya pikapu kuukuu, injini ni ya gari jingine, na bodi ni mabati tuliyoyapiga nyundo Jumapili baada ya kutoka kanisani. Sina haya nayo, kwa maana inakwenda. Lakini kwa muda wa miezi minane ilinitesa kwa jambo moja, nalo ni kebo ya klachi. Nitaeleza habari hiyo, kisha nitasema kwa nini naileta mbele ya chama.

Klachi ndiyo inayotenga injini na gia wakati dereva anapobadilisha gia. Katika motokaa kama yangu mguu unakanyaga pedali, pedali inavuta kebo, na kebo inavuta mkono wa klachi. Kebo yenyewe ni nyuzi nyembamba za chuma zilizosokotwa pamoja, nazo zinapita ndani ya ganda lenye plastiki ili ziteleze. Kazi yake ni moja tu: kuvuta.

Kebo ya kwanza niliinunua ikiwa imetumika. Baada ya wiki chache pedali ikawa nzito kama kukanyaga jiwe, kisha kebo ikakatika. Shemeji akasema, "Shemeji, kitu kikuukuu ni kikuukuu." Nikanunua mpya. Nayo ikawa ngumu, ikakatika pale pale. Tukamlaumu mwenye duka. Nikatafuta ya tatu, nene kuliko zile mbili. Hiyo ilikatika nikiwa nimesimama kwenye makutano ya barabara, gia ya kwanza imeingia na mguu wangu umekanyaga klachi. Motokaa iliruka mbele na kuzimika hatua moja tu kutoka kwa mtu aliyekuwa akivuta mkokoteni. Alinitazama bila kusema neno. Usiku ule sikulala.

Hapo majirani wakaanza kulaumu mguu wangu. Walisema nakanyaga kwa nguvu mno.

Nikatia kebo ya nne. Asubuhi moja ya baridi injini ilikataa kuwaka, nami nikawa naizungusha kwa stata mara kwa mara. Mke wangu alikuwa amenishikia tochi, na mkono wake mwingine aliuweka juu ya ganda la kebo. Mara akapiga kelele, "Baba watoto, kitu hiki kinachoma!" Tazameni jambo hili: injini ilikuwa haijawaka bado. Moto huo ulitoka wapi?

Ulitoka kwenye betri. Umeme unaozungusha stata ni mwingi sana, amperi mia moja na zaidi, na ni lazima upate njia ya kurudi kwenye betri. Injini imekaa juu ya vipande vya mpira, na mpira haupitishi umeme. Kwa hiyo gari hufungwa waya mnene kutoka injini mpaka kwenye fremu, ambako betri pia imeunganishwa. Sisi tulipounda motokaa yetu tuliusahau waya huo. Umeme haukukosa njia. Ulipitia chuma chochote kilichogusa injini na fremu pamoja, na chuma hicho kilikuwa kebo ya klachi. Kila asubuhi ilichomwa kidogo. Plastiki ikayeyuka, grisi ikakauka, nyuzi zikadhoofika. Kebo hazikuwa mbovu, bali zilibeba mzigo usio wao.

Nilikwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, nikafunga waya mnene, nikakaza nati, kisha nikatia kebo ya tano kwa kuwa ya nne ilikwisha kuungua. Sasa ni zaidi ya mwaka mmoja, na pedali ni laini. Mwenye kuunda gari lake na apime kwa mita ya umeme kati ya injini na upande hasi wa betri, huku mwenzake akizungusha stata. Ikionyesha zaidi ya nusu volti, njia ya kurudi si nzuri.

Sasa nasema la chama. Kijana mmoja wa sehemu yetu amepewa barua ya onyo ya mwisho kwa sababu alisahau pini ya breki katika behewa. Ilionekana kabla garimoshi halijaondoka, Mungu ashukuriwe. Mimi niliulizwa kama mtu mzima wa kazi, nikaandika kwa mkono wangu: "Ni uzembe wake." Lakini nilijua, na nyinyi mnajua, kwamba kazi ile ni ya watu wawili. Mwenzake alistaafu, na nafasi yake haikujazwa. Kazi ya aliyekwenda haikwenda naye. Ilipita ndani ya mtu aliyekuwa karibu, naye ndiye anayeungua.

Wengine watasema wazembe wako kweli. Nakubali, na kebo mbovu ziko pia. Lakini kabla ya kijana huyu wawili wengine wameondolewa mahali pale pale. Zikikatika tatu mahali pamoja, fundi haulizi tena habari ya kebo. Anauliza ni waya gani uliosahauliwa. Hata kwa hesabu ya fedha, kebo zangu zilinigharimu kuliko waya mmoja.

Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 41, inasema mfanyakazi asiachishwe kwa makosa ya kazi kabla ya kuelezwa sababu kwa lugha anayoielewa na kusikilizwa, naye ana haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa chama. Kijana huyu akiitwa, nitakwenda kukaa naye. Nitasema kwamba maandishi yangu ya kwanza yalikuwa nusu ya kweli, nami nayaondoa. Naiomba kamati ya tawi idai ile nafasi ijazwe kabla ya barua nyingine kuandikwa.

Ni mimi mwenzenu,
Fundi wa Mabehewa